Filme tulizoangalia na watoto likizo hii

Wengi mmetuuliza: filme gani zinafaa kuangaliwa nyumbani watoto wakiwa wamekaa pale pale mbele? Likizo hii tumeangalia nne kwa mama mwenzetu wa Katuba, mwenye televisheni kubwa. Siku umeme ulipokatika tulichanga mafuta ya jenereta. Haya ni maoni yetu tu. Asiyekubali atatuambia siku ya mkutano.

Tulianza na Mufasa, ya mwaka 2024. Simba mdogo anachukuliwa na mafuriko mbali na wazazi wake, anapokelewa na jamaa nyingine. Baba wa jamaa ile, Obasi, hamtaki kwa sababu ni mgeni. Mama, Eshe, ndiye anayemlea pamoja na mwanawe Taka. Kwetu hapa nyumba nyingi zina mtoto wa ndugu, aliyekuja na mfuko mmoja wa nguo, na tunajua nani kati yetu humpa bukari mwisho. Basi tuliangalia kimya kidogo. Nyimbo zimezidi, wadogo wakasinzia. Na jambo moja linatuudhi: Simba, Rafiki, majina yametoka katika Kiswahili, lakini filme yenyewe imetufikia kwa Kifaransa, na nkambo anakaa anauliza kila dakika, "Amesema nini?"

Watoto wakubwa walidai vita, tukawawekea The Woman King ya 2022, juu ya wanawake askari wa ufalme wa Dahomey, nchi inayoitwa leo Benin. Wanawake hao walikuwako kweli. Wasichana wetu waliipenda mno, na kesho yake miiko ya bukari iligeuka mapanga. Lakini tuseme wazi: damu ni nyingi, na jemadari Nanisca anabeba kidonda cha kubakwa. Tulipofika hapo wadogo walitumwa nje kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Miaka 14 kwenda juu, tunaona ni sawa. Tena mkubwa awaeleze kwamba Dahomey nayo iliuza watu utumwani, maana filme inalipitia jambo hilo mbio.

Augure ya 2023 tuliiangalia watoto wakiwa wamelala. Aliyeitengeneza ni Baloji, mzaliwa wa hapa Lubumbashi, na ilipata tuzo kule Cannes. Koffi anarudi Kongo kutoka Ubelgiji pamoja na mwenzi wake mwenye mimba. Tangu utoto ana alama usoni, na jamaa wanamwona mulozi. Anashika mtoto mchanga wa dada yake, pua inatoka damu, basi nyumba nzima inalipuka. Kuna sehemu hatukuzielewa, hatufichi. Lakini mama mmoja aliuliza: neno lile "mulozi", nyumbani kwetu hutoka kinywani mwa nani kwanza? Tulikaa na swali hilo mpaka usiku sana.

Ile tunayotaka muitafute ni ndogo kuliko zote: Supa Modo, ya Kenya, ya mwaka 2018, ya Likarion Wainaina. Jo ana miaka 9, ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na anapenda filme za mapigano, hasa Jackie Chan. Anaota yeye mwenyewe kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mama yake, mkunga, anamtoa hospitali anamrudisha kijijini. Anataka alale, apumzike, asiguswe na upepo. Mwix, dada mkubwa, anasema hapana, mwacheni aishi. Basi kijiji chote kinaanza kujifanya kwamba nguvu za Jo ni za kweli. Wanachanganya Kikuyu na Kiswahili cha kwao, kinatofautiana na chetu, lakini nkambo alicheka kabla yetu sisi! Mwisho unaliza. Wenye watoto wadogo wakae karibu nao.

Katika chumba kile alikuwepo mtoto wa mwenzetu mmoja, kijana wa miaka 10. Ni mtoto wa SS. Tangu udogo, mama yake humwacha kwenye kiti mlangoni wenzake wakicheza, kwa kuogopa maumivu yarudi. Jina la ugonjwa hakuwahi kumwambia. Filme ilipoisha akauliza, mbele yetu sote: "Mama, na mimi nitakufa kama Jo?"

Mama yake hakuwa na jibu. Nkambo ndiye aliyesema, "Mwambie unachojua." Basi akamwambia, polepole, kwamba damu yake ni tofauti, kwamba ugonjwa wake si ule wa Jo, kwamba wako watu wazima wenye SS wanaofanya kazi na kulea watoto. Maji mengi, asishikwe na baridi, asichoke kupita kiasi, na akipata homa apelekwe hospitali upesi. Kijana alisikiliza yote, kisha akauliza kitu kimoja tu: mpira je?

Juma lile walikwenda pamoja kumwuliza daktari. Daktari alikubali, kwa kupumzika kila mara na kuacha mara tu anapochoka. Jumamosi tulimwona uwanjani akilinda goli, na chupa mbili za maji nyuma yake. Walimfunga matano.