Uhimilishaji wa mbuzi: njia ya kuepuka beberu kupanda binti zake

Mbuzi wa maziwa aina ya Alpine ya Kijerumani waliletwa Nyeri katika miaka ya 1990 kupitia mradi uliosaidiwa na serikali ya Ujerumani. Mfugaji wa Mukurweini au Mathira, ambaye shamba lake dogo halitoshi ng'ombe wa pili, alipeleka mbuzi wake wa kienyeji kwa beberu wa kikundi. Kizazi cha kwanza huwa nusu Alpine, cha pili robo tatu.

Tatizo huja beberu huyo akikawia. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, na mtoto wa kike huwa tayari kupandishwa akifika mwaka mmoja hivi. Kwa hiyo baada ya mwaka na nusu, beberu huanza kukutana na binti zake mwenyewe. Watoto wa aina hiyo mara nyingi hudumaa, hufa wachanga au hutoa maziwa kidogo. Vikundi hubadilishana mabeberu kwa sababu hii, lakini beberu anayezunguka anaweza pia kuzungusha magonjwa.

Uhimilishaji hupunguza hatari zote mbili. Wakazi wengi wanaufahamu kwa ng'ombe, kwani kituo cha Kabete kimekuwapo tangu 1946. Mbegu za beberu aliyepimwa huwekwa ndani ya mirija midogo na kuhifadhiwa katika naitrojeni ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mbuzi, hata hivyo, si ng'ombe mdogo. Mtaalamu hawezi kuingiza mkono ili kushika mlango wa kizazi. Mbuzi huinuliwa miguu ya nyuma, na mtaalamu hutumia kifaa chenye taa kuutafuta mlango huo.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni saa. Joto hudumu siku moja hadi mbili tu. Jike hutikisa mkia, hulia ovyo na kutoa ute. Akionekana asubuhi, mtaalamu aitwe ahudumu jioni. Akionekana jioni, ahudumiwe kesho yake asubuhi. Kikundi chenye mbuzi wengi kinaweza kuwaleta kwenye joto pamoja: sponji yenye homoni huwekwa ukeni siku 11 hadi 14, kisha hutolewa na sindano kudungwa. Hivyo mtaalamu hulipiwa safari moja.

Mbegu zilizogandishwa hazishiki kila mara kama beberu mwenyewe. Jike akirudi kwenye joto baada ya siku 21, hakushika.

Kabla ya kuchagua mbegu, uliza pia kama beberu alizaliwa na pembe. Jike asiye na pembe kwa kuzaliwa akipata mbegu za beberu wa namna hiyo, baadhi ya watoto wa kike huzaliwa huntha, wasioweza kuzaa. Andika daftarini namba ya beberu na tarehe ya huduma. Bila hizo, mwakani hakuna atakayejua ni mbegu ipi ya kuepuka.