Moteli ya Bei Nafuu katika Mji Mkongwe wa Québec: Mipango, Gharama na Lugha

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa safari ni hatua. Hata hivyo, hatua isiyopangwa huweza kumfikisha msafiri mahali asipopatarajia, tena akiwa na mkoba mtupu. Makala haya yanafafanua namna mtu wa mapato ya wastani, awe mwanafunzi, mhadhiri anayehudhuria kongamano au mtalii wa kawaida, anavyoweza kupanga siku chache za kukaa katika moteli ya bei nafuu mjini Québec, nchini Kanada. Mji huu umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa miji mikongwe zaidi iliyoanzishwa na Wazungu Amerika ya Kaskazini, na umbo lake la kihistoria ndilo linaloamua ni wapi malazi ya bei nafuu yanapatikana. Pili, ni mji unaozungumza Kifaransa katikati ya bara lililotawaliwa na Kiingereza. Kwa hiyo, anayepanga malazi huko hupanga fedha na lugha kwa pamoja. Akipuuza lugha, fedha nazo humponyoka.

Mji na kuta zake

Jina Québec linatokana na neno la lugha za wenyeji wa asili wa jamii ya Waalgonkini, lenye maana ya mahali mto unapokuwa mwembamba. Hapo ndipo Mto St. Lawrence hubanwa na majabali, na hapo ndipo Mfaransa Samuel de Champlain alipoanzisha makao mwaka wa 1608. Tarehe 13 Septemba 1759, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipambana katika uwanda wa Abraham, nje kidogo ya kuta za mji. Mapigano yenyewe hayakuchukua hata saa moja, lakini majenerali wa pande zote mbili, Wolfe na Montcalm, walipata majeraha yaliyowaua. Mkataba wa Paris wa mwaka wa 1763 uliikabidhi Uingereza koloni hilo. Ingawa dola ilibadilika, lugha ya wakazi haikubadilika.

Askari wa Uingereza walipoondoka mwaka wa 1871, wapo waliotaka kuta zibomolewe ili barabara zipanuliwe. Gavana Mkuu wa wakati huo, Lord Dufferin, ndiye aliyeshikilia kuwa zihifadhiwe. Kutokana na msimamo huo, kuta zenye urefu wa takriban kilomita 4.6 zingali zimesimama, na mwaka wa 1985 UNESCO iliiorodhesha sehemu hiyo kongwe kuwa urithi wa dunia. Ndani ya kuta hizo vichochoro ni vyembamba, nyumba zimebanana, na nafasi ya kuegesha magari ni adimu. Basi si ajabu kuwa hoteli zilizomo humo, hasa karibu na Château Frontenac iliyofunguliwa mwaka wa 1893, hutoza bei ambazo mwanafunzi hawezi kuzimudu.

Moteli ni nini?

Neno "moteli" limetokana na uhulutishaji, yaani uundaji wa neno moja kutokana na vipande vya maneno mawili. Huko California, Marekani, mwaka wa 1925, neno la Kiingereza lenye maana ya gari liliunganishwa na neno hoteli ili kutaja nyumba ya wageni iliyojengwa kwa ajili ya wenye magari. Wapenzi wa Kiswahili wanaijua mbinu hii, kwani ndiyo iliyozaa "chajio" kutokana na chakula cha jioni na "chamcha" kutokana na chakula cha mchana.

Umbo la moteli linaendana na jina lake. Kwa kawaida huwa ni jengo refu la orofa moja au mbili, vyumba vikiwa vimepangwa safu, na milango ikifunguka moja kwa moja kwenye uwanja wa maegesho. Hakuna ukumbi wa fahari wala wachukuzi wa mizigo, na mara nyingi hakuna lifti. Unafuu wa bei hutokana na kukosekana kwa mambo hayo. Kwa kuwa moteli huhitaji ardhi pana kando ya barabara kuu, haikuweza kujengwa ndani ya mji ulioundwa kwa ajili ya waendao kwa miguu na mizinga ya kivita. Ilibidi ijengwe pembezoni.

Kuchagua mahali

Moteli nyingi za Québec zimejikusanya pande mbili. Upande wa magharibi zipo kando ya barabara ya Wilfrid-Hamel na katika eneo la Sainte-Foy, karibu na madaraja yanayovuka mto, uwanja wa ndege wa Jean Lesage na Chuo Kikuu cha Laval. Upande wa mashariki zipo kando ya barabara ya Sainte-Anne katika eneo la Beauport, kuelekea maporomoko ya Montmorency yenye kimo cha mita 83. Sainte-Foy na Beauport zilikuwa miji inayojitegemea hadi mwaka wa 2002 zilipounganishwa na Québec. Hivyo basi, anwani inayosema "Québec" haimaanishi kuwa chumba kiko karibu na kuta. Msafiri hana budi kuitafuta anwani hiyo katika ramani kabla ya kulipa.

Mwenye gari hana shida kubwa, kwani maegesho ya moteli aghalabu hayalipiwi. Anachotakiwa kufanya ni kuliacha gari huko na kuingia mji mkongwe kwa basi, maana maegesho ya katikati ya mji ni ghali. Asiye na gari ndiye anayestahili kutafakari zaidi. Akifika kwa treni au basi kutoka Montréal, safari ya takriban kilomita 250, atashuka Gare du Palais, ambayo iko chini kidogo ya mji mkongwe lakini mbali na moteli nyingi. Mabasi ya shirika la umma la RTC huunganisha pembezoni na katikati ya mji. Hata hivyo, ni muhimu kuchunguza mambo matatu: umbali wa kutembea kutoka moteli hadi kituo cha basi, saa ya basi la mwisho usiku, na ratiba ya Jumapili. Chumba kinachoonekana kuwa cha bei ya chini huweza kugeuka cha bei ya juu iwapo mgeni atalazimika kukodi teksi kila usiku.

Kwa hivyo, swali la msingi si "Chumba ni bei gani?" bali ni "Siku nzima itagharimu nini?" Katika hesabu hiyo mna malazi, kodi, nauli na chakula. Moteli nyingine hutoa chumba chenye jiko dogo na jokofu. Mgeni wa siku nne anayejipikia chajio anaweza kuokoa fedha nyingi kuliko yule aliyepata chumba cha bei ya chini kidogo kisicho na jiko.

Majira ya mwaka

Bei za vyumba hupanda na kushuka kulingana na majira. Mwezi wa Julai huwa na tamasha kubwa la muziki la kiangazi, ambalo lilianza mwaka wa 1968, na Februari huwa na Karnivali ya majira ya baridi, ambayo imekuwa ikifanyika tangu mwaka wa 1955. Katika vipindi hivyo vyumba huadimika na bei hupaa. Novemba na Aprili ni miezi yenye utulivu, na mwenye bajeti finyu hupata nafuu, mradi avumilie matope, upepo na miti isiyo na majani.

Baridi ya mji huu si jambo la kupuuzwa. Wastani wa joto mwezi wa Januari ni takriban nyuzi 12 za selsiasi chini ya sifuri. Anayekodi gari wakati huo ajue kwamba sheria ya jimbo hulazimisha magurudumu maalumu ya theluji kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Aidha, theluji inapozolewa usiku, taa za rangi ya machungwa humetameta barabarani kuashiria kuwa ni marufuku kuegesha hapo. Asiyejua maana ya taa hizo huamka asubuhi akakuta gari limekokotwa. Hii ni sababu nyingine inayofanya uwanja wa maegesho wa moteli kuwa na thamani.

Bei iliyotangazwa na bei inayolipwa

Haba na haba hujaza kibaba, na kodi nazo ni vivyo hivyo. Nchini Kenya mnunuzi amezoea kuona bei iliyokwisha kujumuisha kodi. Huko Québec, bei inayotangazwa kwa kawaida haijumuishi kodi yoyote. Juu ya bei ya chumba huongezwa kwanza ushuru wa malazi wa asilimia 3.5. Kisha, juu ya jumla hiyo, hutozwa kodi ya serikali kuu ya asilimia 5 na kodi ya jimbo ya asilimia 9.975.

Tuseme chumba kimetangazwa kwa dola 100 za Kanada kwa usiku mmoja, na mgeni anakusudia kulala siku mbili. Bei ya msingi ni dola 200. Ushuru wa malazi ni dola 7, hivyo jumla huwa dola 207. Kodi ya serikali kuu ni dola 10.35 na ya jimbo ni dola 20.65. Malipo kamili yatakuwa dola 238. Kwa ufupi, kila dola 100 iliyotangazwa huishia kuwa dola 119 hivi. Mikahawani nako, mhudumu hutarajia bakshishi ya takriban asilimia 15. Anayepanga bajeti bila kuzingatia nyongeza hizi atajikuta ameishiwa kabla ya siku zake kwisha.

Isitoshe, sheria ya jimbo iliyoanza kutumika mwaka wa 2022 huzitaka nyumba za kupangisha watalii zisajiliwe na kuonyesha namba ya usajili katika matangazo yao. Tangazo lisilo na namba hiyo litiliwe shaka. Vilevile msafiri asome masharti ya kufuta nafasi aliyoiweka. Hili ni muhimu hasa kwa mwenye pasipoti ya Kenya, ambaye huhitaji viza ili kuingia Kanada. Kulipia chumba kisichorudishiwa fedha kabla ya viza kutolewa ni kuikaribisha hasara.

Lugha mapokezini

Mwaka wa 1977 jimbo la Québec lilipitisha Mkataba wa Lugha ya Kifaransa, maarufu kama Sheria ya 101, uliokifanya Kifaransa kuwa lugha ya kazi, biashara na elimu. Kwa mujibu wa sheria hiyo, Kifaransa ndicho hutawala katika mabango ya umma. Wahudumu wengi wa moteli wanaweza kuzungumza Kiingereza, lakini mgeni anayeanza kwa "Bonjour" huwa ametambua kuwa yumo katika nyumba ya mwenyewe. Kama vile mgeni wa Lamu anavyobisha hodi kabla ya kusema haja yake, ndivyo salamu hiyo inavyofungua mazungumzo.

Maneno machache yana uzito wa fedha. "Taxes en sus" humaanisha kuwa kodi zitaongezwa, ilhali "taxes incluses" humaanisha kuwa zimekwisha jumuishwa. "Complet" kwenye bango ni kusema kuwa vyumba vyote vimejaa. "Stationnement" ni maegesho, na "annulation" ni kufuta nafasi. Mtego mkubwa uko katika majina ya milo. Mwanafunzi aliyefunzwa Kifaransa cha Ufaransa anajua kuwa "déjeuner" ni chamcha na "dîner" ni chajio. Huko Québec, kama ilivyo Ubelgiji na Uswisi, "déjeuner" ni kiamshakinywa, "dîner" ni chamcha na "souper" ni chajio. Kwa hiyo "déjeuner inclus" ni ahadi ya kiamshakinywa, na anayekingojea chakula hicho saa saba mchana atashinda na njaa.

Tofauti hizi zina funzo kwa mwanaisimu. Wakazi wa Québec huandika "ARRÊT" kwenye alama za kusimamisha magari, ilhali Ufaransa kwenyewe hutumia neno la Kiingereza. Asasi ya lugha ya jimbo, iliyoundwa mwaka wa 1961, ilieneza neno "courriel" kwa barua ya kompyuta badala ya kukopa, kama vile Kiswahili kilivyopata "baruapepe". Uundaji wa istilahi, ambao wengi hudhani ni kazi ya vitabuni, huonekana huko katika risiti ya moteli na katika bango la maegesho. Kenya nayo, kupitia Katiba ya mwaka wa 2010, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Anayetaka kupima utekelezaji wake na aanzie mlangoni mwa hoteli yoyote ya Nairobi, asome vibao vyake.

Hitimisho

Imebainika kuwa moteli ya bei nafuu mjini Québec ni chaguo la busara kwa anayejua inakopatikana, inagharimu nini kwa ukamilifu na inazungumza lugha gani. Fedha zinazookolewa malazini hazipotezi uhondo wa mji, kwani mengi yaliyo bora humo hayana kiingilio: kutembea juu ya kuta, kusimama kwenye baraza ya Dufferin na kuutazama mto, au kupumzika katika uwanda wa Abraham. Na hata kwenye maegesho ya moteli, mgeni akitazama vibao vya namba za magari atasoma kaulimbiu ya jimbo, "Je me souviens", yaani "Nakumbuka". Maneno hayo matatu yanaeleza ni kwa nini lugha iliyoshindwa vitani mwaka wa 1759 ndiyo inayompokea mgeni mapokezini hadi leo.