Fomula katika Ripoti za Robo Mwaka: Tujumlishe Kwanza au Tukokotoe Kwanza?

Kila robo mwaka kamati za sharika hutuletea takwimu za miradi, nasi huziunganisha kuwa ripoti moja kwa ajili ya wafadhili na sharika zenyewe. Kazi hiyo hufanywa kwa programu ya Excel au nyingine inayofanana nayo. Katika toleo hili tunapenda kueleza jinsi programu hiyo inavyokokotoa, kwa kuwa takwimu zile zile zaweza kutoa majibu mawili tofauti kutegemea ni hatua gani iliyotangulia.

Fomula ni nini?

Fomula ni agizo linaloandikwa ndani ya kisanduku cha jedwali, likianza na alama ya =. Kwa mfano, B2 ikiwa na idadi ya kaya zilizolengwa na C2 idadi ya kaya zilizokwisha kujenga choo, tukiandika =C2/B2 katika D2 tunapata sehemu ya lengo iliyofikiwa. Takwimu ikisahihishwa, jibu hubadilika lenyewe. Asilimia iliyoandikwa kwa mkono haibadiliki, wala msomaji hawezi kujua imetoka wapi.

Asilimia: jumlisha kwanza

Tuchukue mfano wa sharika mbili. Usharika wa kwanza una lengo la kaya 40, na kaya 36 zimejenga, yaani 90%. Wa pili una lengo la kaya 400, na kaya 120 zimejenga, yaani 30%. Wastani wa asilimia hizo mbili ni 60%. Lakini tukijumlisha kwanza, ni kaya 156 kati ya 440, yaani takriban 35%. Hili la pili ndilo jibu sahihi. Mfadhili akisoma 60% ataona kazi imepita nusu, na huenda akapunguza fedha za awamu inayofuata, wakati kaya 284 bado hazina choo.

Gharama: kokotoa kwanza

Kwa gharama mambo ni kinyume. Tuseme mwezi wa kwanza ilinunuliwa mifuko 10 ya saruji kwa shilingi 15,000 kila mmoja, na mwezi wa pili mifuko 20 kwa shilingi 18,000. Tukizidisha kila mstari peke yake tunapata 150,000 na 360,000, jumla 510,000. Tukijumlisha kwanza mifuko (30) na bei (33,000) ndipo tuzidishe, tunapata 990,000. Hizo 480,000 za ziada hakuna aliyezitumia, lakini mtunza hazina ndiye atakayeulizwa.

Jedwali la muhtasari

Excel ina jedwali la muhtasari liitwalo PivotTable, na ndani yake twaweza kuongeza uga wa kukokotolewa. Uga huo hujumlisha takwimu kwanza, ndipo hutumia fomula. Kwa hiyo unafaa kwa asilimia ya sharika zote, lakini haufai kuzidisha idadi kwa bei. Gharama ikokotolewe mstari kwa mstari katika jedwali la msingi, kisha muhtasari uijumlishe.

Tunayoziomba kamati

1. Leteni namba mbili, yaani lengo na kilichofikiwa. Asilimia tutaikokotoa kwa fomula. Lengo likikosekana, Excel huonyesha #DIV/0!, maana haiwezi kugawa kwa sifuri.

2. Takwimu ikiwa haijapatikana, acheni kisanduku wazi na mweleze sababu. Msiandike sifuri. Fomula ya wastani huruka kisanduku kitupu, lakini sifuri huihesabu, na wastani hushuka.

3. Andikeni idadi na bei ya kila ununuzi katika mstari wake.

Nanyi wafadhili, mnapoona asilimia katika ripoti yetu, ulizeni ni kaya ngapi kati ya ngapi. Namba hizo mbili zikiwepo, kila mmoja wetu anaweza kuhakiki hesabu mwenyewe, hata kwa kalamu na karatasi.