Betri ya gari si betri ya nyumba

Bila shaka unaukumbuka usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima zilipopotea karibu nchi nzima. Kuanzia maduka ya katikati ya jiji hadi vyumba vya Kangemi, Kawangware na Uthiru, giza lilikuwa lile lile. Kabla ya mwaka kwisha, giza kama hilo lilirudi tena, Novemba na Desemba. Si ajabu basi ikiwa nawe umefikiria kuweka betri nyumbani, angalau mtoto amalize kazi ya shule.

Jambo hili si geni. Miaka ya 1990, watu wengi wasiokuwa na stima walitazama televisheni nyeusi na nyeupe kwa nguvu za betri ya gari, wakiibeba mara kwa mara kwenda kuchajiwa. Malalamiko yao ndiyo yanayosikika hadi leo: betri imenunuliwa juzi tu, na tayari haishiki chaji.

Je, kosa ni la nani? Mara nyingi si la betri. Imepewa kazi isiyo yake.

Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha gari lenyewe huijaza tena. Mabamba yake ya risasi ni membamba. Ukiiachia taa usiku baada ya usiku hadi iishe kabisa, mabamba hayo huharibika upesi. Betri ya sola ina mabamba mazito, na hutoa nguvu polepole kwa saa nyingi. Wenye mashua za mota wanalifahamu jambo hili. Wengi wao hubeba betri mbili, moja ya kuwasha injini na nyingine ya taa, ili taa zisije zikawaacha majini na injini isiyowaka.

Kabla ya kwenda dukani, piga hesabu. Tuseme una taa nne za wati 5 kila moja na televisheni ya wati 30. Jumla ni wati 50. Kwa saa nne utatumia wati 200 za saa moja. Gawanya kwa volti 12, upate karibu ampea 17 za saa moja. Betri ya risasi haifai kutumiwa kupita nusu yake. Kwa hivyo betri iliyoandikwa 50Ah, ambayo nusu yake ni 25, itakutosha na kubakisha kidogo. Lakini ukichomeka pasi ya wati 1,000, nusu hiyo itakwisha kwa dakika zisizozidi 20!

Sasa shuka mjini, uvuke Tom Mboya na River Road hadi Kirinyaga Road, ambako maduka ya vipuri yamepangana. Usivutwe na bei pekee, kwani rahisi huwa ghali. Uliza betri ilitengenezwa lini, kwa sababu iliyokaa rafuni muda mrefu bila kuchajiwa huenda imeanza kufa. Mwombe muuzaji aipime mbele yako. Betri iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6 au zaidi. Dai risiti na karatasi ya garanti. Betri za lithiamu ni nyepesi na huvumilia kutumiwa zaidi ya nusu, ila ni ghali na huhitaji chaja iliyotengenezewa aina hiyo.

Ukifika nyumbani, kazi ndiyo imeanza. Kipimo kikikaribia volti 12.1, zima vyombo uichaji. Usiiache tupu hata kwa siku chache, maana mabamba hushikwa na ukoko mgumu ambao hautoki. Chaji polepole: kwa betri ya 50Ah, ampea 5 hivi zinatosha. Kama ina vifuniko, kagua maji kila mwezi na uongeze maji ya betri pekee, si ya mfereji, wala si asidi.

Aidha, fikiria watoto. Betri inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Iweke penye hewa, mbali na jiko, mshumaa na kiberiti, wala si chini ya kitanda. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika zisizopungua 15, kisha mkimbize mgonjwa hospitalini.

Na betri ikifa, usimpe mtu wa kuivunja au kuiyeyusha uani. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na wengi wao wakadhurika. Mwaka wa 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Fidia hiyo ilipobatilishwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu iliirejesha Desemba 2024. Irudishe betri yako kuukuu kwa muuzaji anayezipokea, na huenda akakupunguzia bei ya mpya.

Basi msomaji, kabla hujafungua pochi, jiulize swali moja tu: betri hii ni ya kuwasha injini, au ni ya kumwangazia mtoto anayesoma?