Fahamu: Maumivu ya mgongo wa juu kwa wanaoteleza majini

Mwaka 1922, Ralph Samuelson alivaa mbao mbili miguuni akavutwa na boti katika Ziwa Pepin, Minnesota, Marekani. Mchezo huo wa kuteleza majini sasa una wapenzi wengi, na baadhi ya wanaoucheza mara kwa mara hulalamikia maumivu kati ya mabega.

Chanzo ni nini?

Boti huvuta kamba bila kukoma. Mchezaji anayekunja mikono na kuinama mbele huibebesha misuli ya mabega na mgongo wa juu kazi ambayo ingefanywa na miguu.

Ufanye nini?

Pumzika kuteleza kwa siku kadhaa, lakini usilale kutwa. Tembea na uzungushe mabega taratibu. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, hupunguza maumivu siku za mwanzo. Baadaye tumia kitambaa chenye joto. Kwa dawa za maumivu, mwenye vidonda vya tumbo asitumie ibuprofen bila ushauri wa daktari.

Maumivu yakipungua, imarisha misuli kwa kuvuta kamba ya mpira ya mazoezi kuelekea kifuani. Ukirudi majini, kunja magoti, nyoosha mikono na mgongo, shika mpini wa kamba karibu na nyonga.

Wahi hospitali ukihisi ganzi au udhaifu wa mikono au miguu, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kushindwa kuzuia mkojo, au maumivu makali baada ya kuanguka. Usivumilie dalili hizo.