Kupaua Upya Nyumba Kuukuu

Nyumba kuukuu inapoezuliwa ili ipauliwe upya, kinachopimwa kwanza ni ukuta. Nyumba nyingi za zamani vijijini Shinyanga na Geita zilijengwa kwa matofali ya tope, na ukuta wa namna hiyo haubebi kila mzigo. Vigae vya zege vina uzito wa kilo 40 hadi 50 kwa kila mita ya mraba. Bati la geji 28 lina kilo 3 hadi 4. Kwa paa la mita za mraba 60, vigae ni zaidi ya tani 2, ilhali bati halizidi kilo 240. Hiyo ndiyo sababu bati hufaa zaidi kwa nyumba hizo.

Lakini wepesi huo huo ni udhaifu mbele ya upepo. Upepo ukipita juu ya paa, kanieneo ya hewa upande wa juu hupungua, na hewa iliyo ndani ya nyumba husukuma bati kwenda juu. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unaweza kuvuta kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 48, yaani zaidi ya mara kumi ya uzito wa bati lenyewe, na kwenye kingo mvuto huongezeka. Kwa hiyo paa hushikwa na mnyororo: msumari kwenye papi, papi kwenye kenchi, kenchi kwenye ukuta. Pingili moja ikilegea, paa zima hung'oka. Kenchi zifungwe kwa nondo au mkanda wa chuma uliozamishwa kwenye lenta ya zege, na mbao ziwe zimetiwa dawa ya mchwa.

Mwanzoni mwa Machi 2015, mvua ya mawe na upepo mkali viliipiga Mwakata, wilayani Kahama. Watu zaidi ya 40 walifariki, na nyumba nyingi za tope zilianguka. Bati zuri juu ya ukuta unaoyeyuka kwa maji halimlindi mtu.

Unene wa bati hupimwa kwa geji, na namba ikiwa kubwa bati huwa jembamba: geji 28 ni kama milimita 0.4, geji 30 ni 0.3, na geji 32 ni karibu 0.2. Migongo ya bati ndiyo inayolifanya bati jembamba lisipinde. Mhandisi Mwingereza Henry Robinson Palmer aliipatia hataza mwaka 1829. Hata hivyo, migongo haizuii mawe ya mvua kulibonyeza bati la geji 32.

Kutu huzuiwa na utando. Zinki huliwa kwanza badala ya chuma, hata pale bati lilipokwaruzwa. Utando wa aluminiamu asilimia 55, zinki na silikoni kidogo, uliotoka viwandani miaka ya 1970, hudumu zaidi, ila usigusane na saruji mbichi, shaba wala risasi. Bati likatwe kwa mkasi, kwa kuwa cheche za grainda huunguza utando na kuacha chembe zinazoshika kutu.

Jua nalo hulichosha paa. Bati la mita 3 likipanda joto kwa nyuzi 45 hurefuka kwa milimita 1.6 hivi, kisha husinyaa usiku. Mwendo huo wa kila siku hulegeza misumari; skrubu zenye mpira, zikipigwa juu ya mgongo na si bondeni, hustahimili zaidi na hazivuji. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua, na dari yenye matundu ya hewa hupunguza joto linaloshuka chumbani.

Mwisho ni maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 60 ni lita 1,200 kabla ya upotevu. Maji hayo yakikingwa kwa kunywa, rangi ya paa yenye risasi haifai kabisa. Na karibu na machimbo ya dhahabu, pale zebaki inapochomwa, mvuke wake hupoa na kutua juu ya mapaa ya jirani: maji ya mapaa hayo yasikingwe kwa kunywa wala kupikia.