Tembo Mmoja Aliye Mrefu Kuliko Tembo Wengi: Idadi katika Nomino za Kikipsigis

L. L. Zamenhof alipochapisha lugha yake ya kubuni, Esperanto, mnamo 1887, alizipa nomino kanuni moja ya idadi: umoja huishia kwa -o, na wingi hupatikana kwa kuongeza -j. Elefanto ni tembo mmoja, elefantoj ni tembo wengi. Kanuni hiyo huchukulia kwamba umoja ndio msingi na wingi ni nyongeza. Dhana hiyo hiyo imejificha katika zoezi la shuleni la "andika katika wingi".

Mtoto wa Kimulot, katika eneo la majani chai la Bomet, aghalabu hufika shuleni na lugha isiyoikubali dhana hiyo kikamilifu. Kikipsigis, mojawapo ya lugha za Kiniloti cha Kusini, kina nomino zinazokwenda njia ya Zamenhof: kokwet (ujirani) huwa kokwotinwek. Lakini bel ni tembo wengi, na ndilo umbo fupi. Anayetaka kumtaja mmoja hana budi kuongeza kiambishi: belion. Vivyo hivyo segem ni nyuki wengi, segemiat ni mmoja. Hata jina la wenyeji limeundwa hivyo: Kipsigis ni jamii, Kipsigisindet ni mtu mmoja miongoni mwao. Jamii hutangulia, mtu huchongwa kutoka kwayo.

Maneno ya mkopo nayo hupangiwa mahali. Chai ya Kiswahili ikawa chaik, ikachukua -k ya wingi kama beek (maji), ingawa hakuna aliyewahi kuihesabu.

Kwa hiyo kauli kwamba lugha za Kiniloti kama hii "hazina ngeli" yafaa ipimwe upya. Maria Kouneli, aliyeandika tasnifu kuhusu Kikipsigis mwaka 2019, anaeleza kuwa nomino zake zimeainishwa kwa idadi yenyewe: baadhi huzaliwa katika umoja, nyingine katika wingi.

Kiswahili hakiko mbali sana na hali hiyo. Katika unywele na nywele, unyasi na nyasi, kiambishi u- ndicho kinachoutoa mmoja katika fungu. Vitabu vingi hupanga jozi hizo chini ya U-ZI, sambamba na ukuta na kuta, ilhali ukuta haukutolewa katika fungu lolote.